Mashine Yako Haijafa, Pakiti Ndiyo Haikukusudiwa Wewe

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na wanaonifahamu wanajua kwamba nikinyamaza hivyo kuna kitu kinaniudhi, nakitafuna polepole. Leo nakitema. Asiyependa maneno makali arudi wiki ijayo, nitaandika kuhusu jambo la upole zaidi.

Kijana mmoja kutoka upande wa Kebirigo, kule Nyamira, alinijia hapa mjini Kisii amekumbatia laptopu kama mtu anayempeleka mgonjwa hospitali. Laptopu yenyewe ni ya kawaida kwetu: ex-UK, prosesa ya Core 2 Duo, memori ya GB 2, na betri iliyokufa zamani, ukichomoa waya inazima papo hapo. Ameweka Debian 12. Ndani yake kuna faili moja ya maana: kilo za majani chai ambazo mama yake amepeleka kituoni kwa miaka sita, alizozinakili risiti kwa risiti, pamoja na mifuko ya mbolea iliyotumika na mvua ambayo amekuwa akiipima mwenyewe. Swali lake ni la pesa. Je, mbolea inajilipa, au inakula bonasi tu? Anataka kutafuta mstari unaofuata namba zake vizuri zaidi, hesabu ya kawaida kabisa, na mtu akimwambia Python afanye hesabu ya namna hiyo atatumia NumPy.

Basi akaandika amri mnayoijua nyote, pip install numpy. Ikapakuliwa vizuri. Ikasakinishwa vizuri. Alipoiita tu, ikamtupia hii:

RuntimeError: NumPy was built with baseline optimizations: (X86_V2) but your machine doesn't support: (X86_V2).

Akampelekea mkufunzi wake, mtu anayemlipa ada. Mkufunzi (simtaji jina, wala simtaji mahali anapofundisha) akaitazama kwa sekunde kumi hivi, akasema, "Hii mashine imekufa. Tafuta i5."

"Kaka," kijana akaniambia, "naomba uniangalizie tu kama kweli imekufa, ndiyo nijue kama niuze mbuzi."

Auze mbuzi! Ndugu zangu, hapo ndipo damu ilinipanda. Mashine inawaka, inafungua faili, inacheza filamu, inaandika barua. Hata kosa lenyewe limeandikwa wazi: maktaba hii ILIJENGWA na mtu mwingine, kwa kudhani mashine yako ina vitu fulani, na mashine yako haina. Neno lenye maana kwenye mstari ule ni "built". Mtu anayefundisha kompyuta akalisoma neno hilo na asiulize swali la pili, nani alijenga na kwa nini tusijenge wenyewe, huyo anafundisha kubonyeza vitufe.

Ngoja nieleze kwa lugha ya jikoni. Watu wa huku tunakula ugali wa wimbi. Unaweza kununua unga wa pakiti dukani, na ni unga mzuri, sina ugomvi nao. Lakini kila nyumba inajua pia njia ya kisiagi: unabeba nafaka yako, unamwambia mwenye mashine asage laini au asage nene, uchanganye na muhogo au usichanganye. Mama mwenye mtoto mdogo hataki unga ule ule anaoutaka mwenye harambee. Msimbo chanzo ndio nafaka. Kompaila ndiyo kisiagi. Kile ambacho pip inakuletea ni pakiti, iliyosagwa na watu wa mbali kwa kiwango walichoona kinawafaa walio wengi. Sasa mtoto wako akikataa unga wa pakiti, utasema mtoto amekufa?

X86_V2 ni jina la kundi la maagizo ambayo prosesa inaweza kuyaelewa, yakiwemo yanayoitwa SSE4.2 na POPCNT. Hayo mawili Intel waliyaleta kwenye prosesa za Nehalem mwaka 2008. Core 2 Duo ilitoka 2006, kwa hiyo hayamo. Hadi toleo la 2.3, pakiti za NumPy hazikuyadai. Toleo la 2.4, lililotoka Desemba 2025, likapandisha sakafu. Siwalaumu walioandika NumPy, wengi wao ni watu wa kujitolea na kila mashine ya zamani wanayoibeba ni mzigo wa kupimwa upya kila toleo. Walichofanya ni haki yao. Na msimbo wote wameuacha wazi, pamoja na swichi ya kushusha sakafu hiyo hiyo. Nani mwenye kosa basi kama sisi hatuijui swichi?

Na wala si NumPy peke yake. TensorFlow toleo la 1.6, mwaka 2018, pakiti zake zilianza kudai maagizo ya AVX, na mashine nyingi za huku zikaanza kufa na maneno "Illegal instruction" bila maelezo mengine. Red Hat Enterprise Linux 9, mwaka 2022, ilidai kundi hili la V2. Toleo la 10, mwaka 2025, likadai V3, ambalo lina AVX2 ndani yake. Windows 11 toleo la 24H2 nalo linadai POPCNT na SSE4.2. Sakafu inapanda kila baada ya miaka michache na haitaacha kupanda.

Sasa turudi kwa ushauri wa "tafuta i5". i5 ipi, mwalimu? i5 ya kizazi cha tatu, ambayo ndiyo utaipata kwa bei nafuu kwenye rafu za ex-UK, ni ya mwaka 2012. Haina AVX2! AVX2 ilikuja na Haswell mwaka 2013. Yaani kijana auze mbuzi leo, anunue mashine ya pili, na siku pakiti zitakapopanda hadi V3 arudi kwako umwambie tena imekufa. Atauza nini safari hiyo, ng'ombe? Na baadaye shamba la chai lenyewe?

Nawasikia wengine tayari mnanoa kalamu. "Si angeshusha toleo tu?" Kweli, angeweza kuandika pip install "numpy<2.4" na ingefanya kazi leo. Nilimwonyesha hilo kwanza, mimi si mwendawazimu. Lakini toleo lililoachwa nyuma halipati Python mpya, na maktaba nyingine zilizojengwa juu yake siku moja zitadai jipya. Umeahirisha, hujatatua. "Si angetumia ile ya apt?" Ndiyo, Debian bado wanajenga kwa sakafu ya chini kabisa ya x86-64 na Mungu awabariki. Lakini hebu angalia hapo kilichotokea: mtu wa Debian amechukua nafaka ile ile akaisaga kwa kiwango kingine. Hoja yangu ni hiyo hiyo, ila umempa mtu mwingine akufanyie, na kwa toleo alilolichagua yeye. "Si angetumia Colab?" Kwa bando la nani, na kwenye kilima kipi? Kule kwao mtandao unakuja na upepo na kuondoka na upepo.

Haya, tulijenga. Nitasimulia yote pamoja na aibu zake, kwa sababu wengi mnaogopa jambo hili kwa kutoliona likifanyika.

Kwanza, NumPy yenyewe haifanyi hesabu nzito za majedwali ya namba. Inaziagiza kwa maktaba nyingine inayoitwa BLAS, mpango ambao ulichapishwa mwaka 1979, wakati wasomaji wangu wengi hamjazaliwa. Tulichagua OpenBLAS. Historia yake inafaa kujulikana. Mjapani mmoja, Kazushige Goto, aliandika GotoBLAS, akitunga sehemu za ndani kwa mkono, kwa lugha ya prosesa yenyewe, prosesa moja baada ya nyingine. Mwaka 2011 Zhang Xianyi na wenzake kule China wakaichukua na kuiendeleza kwa jina la OpenBLAS. Kabla ya hapo, mwishoni mwa miaka ya 1990, Clint Whaley na Jack Dongarra wa Chuo Kikuu cha Tennessee walileta ATLAS, ambayo ilikuwa inajipima juu ya mashine yako wakati wa kujengwa, inajaribu njia hii na ile kwa masaa, kisha inabakiza iliyo haraka. Ilikuwa inakataa hata kuanza ikiona prosesa yako inapunguza kasi ili kuokoa umeme! Niliwahi kukesha nayo mwaka 2007 na sijasahau. Ninachotaka mkione ni kwamba maktaba hizi tangu zamani zilikusudiwa kujengwa kwa kuitazama mashine iliyo mbele yako. Anayesema kujenga kutoka chanzo ni ushamba wa zamani hajui kwamba ndiyo ilikuwa akili yenyewe ya mambo haya.

OpenBLAS haikutusumbua. Ndani ya folda yake:

make
make PREFIX=$HOME/openblas install

Ikaitambua prosesa yenyewe na kuandika CORE2. Kijana akacheka. "Kumbe wanaijua!" Wanaijua, ndugu yangu. Kuna sehemu nzima iliyoandikwa kwa ajili ya mashine yako "iliyokufa". Weka gfortran pamoja na gcc, usisahau, na kwa Core 2 Duo enda ukanywe chai urudi. Na ukimaliza usishangae siku ya kwanza ukiambiwa libopenblas.so.0 haionekani. Umeiweka nyumbani kwako, mfumo haujui njia ya huko mpaka uuonyeshe kwa LD_LIBRARY_PATH. Hapo watu wengi hukata tamaa wakidhani wameharibu kitu, kumbe ni kama mgeni aliyefika Keroka bila kuelekezwa nyumba.

Kisha NumPy. Tulipakua chanzo chake, karibu megabaiti 20, yaani sawa tu na pakiti, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba bando litaisha. Tukaanza. Baada ya nusu saa hivi stima ikapotea. Betri mnaijua. Giza.

Iliporudi tukaandika amri ile ile, na pip ikaanza UPYA kutoka faili la kwanza. Kijana aliniangalia kwa jicho ambalo sitalisahau. Kosa lilikuwa langu: pip hujengea kwenye folda ya muda, na mambo yakikatika kila kitu kinatupwa. Dawa ni kuiambia ijengee mahali pa kudumu. Hii ndiyo amri tuliyomalizia nayo, mtaiona haimo kwenye mafunzo mengi kwa sababu walioyaandika hawapotezi stima:

export PKG_CONFIG_PATH=$HOME/openblas/lib/pkgconfig
pip install . -Cbuild-dir=build -Csetup-args=-Dcpu-baseline=none -Csetup-args=-Dcpu-dispatch=none -Csetup-args=-Dallow-noblas=false

Ukiwa na build-dir, stima ikirudi kazi inaendelea ilipofikia. (Kama kuna mafaili ya .o yenye ukubwa wa sifuri, yafute kwanza, hayo ndiyo yaliyokuwa yanaandikwa giza lilipoingia.) cpu-baseline=none ndiyo ile swichi ya sakafu. cpu-dispatch=none inaizuia isijenge nakala za ziada za AVX512 na jamaa zake, vitu ambavyo laptopu ile haitaviona maisha yake yote, na inaokoa muda mwingi sana.

Hiyo ya mwisho, allow-noblas=false, naiombea dakika moja. Bila kuambiwa, NumPy isipoiona BLAS hailalamiki. Inajenga kwa njia yake ndogo ya akiba, inakupa maneno ya pongezi, na wewe unaondoka ukidhani umefaulu. Nilimjengea hivyo makusudi kwenye folda nyingine ili aone. Kuzidisha majedwali mawili ya 1000 kwa 1000 kulichukua sekunde kadhaa tukiwa tunatazama kishale kinapepesa. Kwa OpenBLAS, chini ya nusu sekunde. Mashine ile ile, NumPy ile ile, tofauti ni mstari mmoja ambao hakuna aliyekulazimisha kuuandika. Kila ukijenga, andika np.show_config() uone kama jina la openblas lipo. Kama halipo, umesaga mchanga.

Sasa nigeukie upande wa pili, maana kuna kundi lingine linaloniudhi karibu sawa na la kwanza. Hawa ni wale wanaojenga kila kitu, hata kihariri cha maandishi, kisha wanapita wakijigamba kwa vigezo vya kompaila walivyookota mahali. "Weka -Ofast, weka -ffast-math, inaruka!" Inaruka kweli. Lakini -ffast-math inaipa gcc ruhusa ya kudhani kwamba hakuna NaN duniani, yaani hakuna nafasi tupu kwenye namba zako. Mstari wako unaouliza "je, hapa pametupu?" unaweza kufutwa kabisa, kwa sababu kompaila imeshaambiwa jibu ni hapana. Nililipa ada ya somo hilo mimi mwenyewe. Niliwahi kuandika programu ndogo ya C ya kuhesabu siku za mvua, na siku ambazo hazikupimwa nikaziwekea NaN. Nikaongeza kigezo hicho kwa uroho wa kasi. Siku zisizopimwa zikahesabiwa kuwa za mvua! Hakuna kosa lililoonyeshwa, namba zilitoka safi, zimenyooka, za uongo. Nisingegundua kama mwezi mmoja haungetoa siku za mvua nyingi kuliko nilizokuwa nimepima.

Kwa hiyo ukijenga, pima. OpenBLAS hujipima yenyewe wakati wa make, usiikatize. Kwa NumPy weka pytest na hypothesis, uandike numpy.test(), uache laptopu ifanye kazi yake hadi mwisho. Mtu anayejenga bila kupima ni hatari kuliko yule wa pakiti, maana pakiti angalau ilipimwa na mtu kabla ya kutoka.

Na niseme jambo ambalo wapinzani wangu watalikata na kulibandika kila mahali: kama mashine yako inaipokea pakiti, tumia pakiti. Imejengwa na OpenBLAS ndani, inajichagulia njia ya haraka ikishaijua prosesa yako, na mara nyingi itaishinda kazi ya mikono yako. Mimi kwenye mashine yangu ya kazini sijengi NumPy. Sina muda huo.

Ninachogombana nacho ni kutoa cheti kwa mtu ambaye hajawahi hata mara moja kuona nafaka ikiingia kisiagini. Mji huu umejaa vyuo. Kila ghorofa ina bango la mafunzo ya kompyuta, na siku hizi nusu ya mabango yameongeza "sayansi ya data". Nimepita kwenye madarasa kadhaa. Mashine nyingi zilizomo ni za zamani kama ya kijana wangu au zimeizidi kwa mwaka mmoja au miwili. Mafunzo yanayotumiwa humo yameandikwa na watu wa San Francisco wenye mashine za San Francisco. Mwanafunzi akigonga ukuta anaambiwa anunue. Siku moja, wakufunzi! Siku moja tu ya muhula mzima, mfunge intaneti, mgawe chanzo cha OpenBLAS kwa flashi, mwache watoto wapambane na make, wakose gfortran, waitafute, waone jina CORE2 au NEHALEM likitokea kwenye skrini zao. Haigharimu shilingi. Wazee wa kule Tabaka wanaochonga mawe ya sabuni wanajua jiwe linatokaje ardhini, na hakuna anayewaita washamba.

Kuna mmoja aliniambia, "Lakini mwalimu, kazini hakuna atakayewaomba wajenge NumPy." Labda. Ila kazini ataombwa aeleze kwa nini kitu kinakataa kwenye mashine ya mteja kule Ogembo huku kinafanya kazi ofisini. Naye atasema nini, mteja auze mbuzi?

Kijana alirudi nyumbani jioni ile kwa matatu ya mwisho. Mbuzi yupo. Majibu ya mbolea ni ya mama yake, siyo yangu kuyatangaza hapa, ila alinitumia ujumbe kwamba mifuko imepungua msimu huu, na kwamba jirani zao wawili wamemletea risiti zao kwenye karatasi za nailoni.

Jumamosi hii nitakuwa hapa hapa kuanzia saa nne asubuhi kwa yeyote mwenye laptopu iliyotangaziwa kifo. Nina nakala za chanzo cha OpenBLAS na NumPy kwenye flashi, hamhitaji bando. Njooni na waya wa umeme wa kuunganishia, soketi ni mbili tu na moja inatoa cheche.